Sukari ya 1846 inapinga hoja ya makala

Makala moja niliyoisoma inadai wapigania biashara huria na wapinga utumwa wa Uingereza walikuwa kambi moja. Kwenye mahubiri, ndiyo. Kwenye ushuru wa sukari walivunjana vibaya.

Kwa sheria ya 1844, kila kilo 51 hivi za sukari ya makoloni ya Uingereza zililipiwa ushuru wa shilingi 24. Ya kigeni iliyolimwa na watu huru, 34. Ya watumwa wa Cuba na Brazil ilibaki kwenye 63, maana yake haikuuzika. Joseph Sturge, mfuasi wa biashara huria na mwanzilishi wa chama cha kupinga utumwa cha 1839, aliutetea ukuta huo wa ushuru. Richard Cobden, kiongozi wa wapigania biashara huria, akawauliza wapinga utumwa hao: mbona mnavaa pamba ya watumwa wa Marekani? Swali zito, na sijaona aliyemjibu vizuri.

Ukuta wenyewe ulivuja. Kwa sababu ya mikataba ya kibiashara, sukari ya Louisiana, iliyolimwa na watumwa, iliingia kwa ushuru mdogo. Isitoshe, Uingereza ikinunua ya watu huru, ya watumwa ilikwenda Ulaya bara kuziba pengo.

Hata hivyo sheria ya 1846, iliyopanga kusawazisha ushuru hatua kwa hatua (usawa kamili ulifika 1854), ilikuja wakati mbaya kabisa. Bado maelfu kwa maelfu ya Waafrika walikuwa wakishushwa Brazil kila mwaka, hadi sheria ya huko ya 1850 iliyokomesha uingizaji huo. Soko la London lilifunguliwa kwa wakulima waliokuwa wangali wananunua watu. Makala haikupaswa kuliruka hilo.