Machapisho ya Anthony Allison, yakisomwa kutoka Tabora

Vyuo vyetu vimezoea kumpima mtafiti kwa idadi ya machapisho yake, na mhadhiri anayetaka kupanda cheo hujikuta akiugawa utafiti mmoja katika makala tatu ili hesabu itimie. Kwa maoni yangu kipimo hicho kinapotosha. Ushahidi ninaoutegemea ni machapisho ya marehemu Anthony Allison, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akakulia Kenya, akasoma Oxford, na kuandika kwa miongo mingi kuhusu jenetiki na kinga ya mwili.

Chapisho lake linalotajwa zaidi lilitoka mwaka 1954 katika British Medical Journal, likidai kwamba mtu aliyerithi jeni moja tu ya selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu za damu, hukingwa kwa kiasi fulani dhidi ya malaria. Sehemu ya ushahidi ilitoka kwa wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea kuambukizwa vimelea: kati ya 15 wasio na jeni hiyo 14 walipata vimelea kwenye damu, ilhali kati ya 15 walioibeba ni 2 tu. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeruhusu jaribio la namna hiyo, na ni haki isiruhusu. Isitoshe, mwaka 1955 watafiti wa Marekani walifanya jaribio linalofanana na hilo wasione kinga iliyo wazi, hivyo anayehesabu makala tu angeziona mbili zinazopingana na kuishia hapo.

Mimi hurejea zaidi takwimu alizochapisha mwaka 1956 kutoka Musoma. Kati ya watoto wachanga 287 waliopimwa, 9 walikuwa na jeni mbili za selimundu, yaani wagonjwa wenyewe. Kati ya watu wazima 654, wenye hali hiyo walikuwa 5 tu, maana wengi wao hawakufika utu uzima. Wabebaji wa jeni moja nao walikuwa 89 kati ya watoto hao, sawa na asilimia 31, na 249 kati ya watu wazima, sawa na asilimia 38. Tofauti hiyo ya wabebaji si kubwa, na aliyepima makundi mawili kwa wakati mmoja hakufuatilia mtoto yeyote hadi akakua, lakini inaelekea palepale penye hoja ya mwaka 1954: malaria ilikuwa ikiwapunguza wasio na jeni hiyo kabisa. Sisi wa Tabora hatuhitaji kushawishiwa sana kuhusu nguvu ya malaria, kwa kuwa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliukuta mkoa huu ukiongoza kwa maambukizi ya watoto wadogo, takribani asilimia 23. Nikiichora jedwali ya Musoma ubaoni mbele ya kidato cha nne, maswali ya mtihani husahaulika. Mmoja huuliza kama ndiyo sababu kaka yake hulia viungo kila baridi ya Juni inapoingia, mwingine kama wazazi wazima wanaweza kuzaa mtoto mgonjwa. Wanaweza, iwapo wote wawili ni wabebaji.

Nusu ya pili ya kazi zake, ile ya kinga ya mwili, haizungumzwi sana huku kwetu. Alipokuwa California akifanya kazi na mtafiti mwenzake Elsie Eugui, walianzia tena kwenye maradhi ya kurithi: watoto wanaozaliwa bila kimeng'enya fulani hukosa limfosaiti, chembe nyeupe zinazolinda mwili, ilhali wanaokosa kimeng'enya kingine cha njia jirani huugua ubongo lakini kinga yao hubaki karibu salama. Kutokana na ulinganisho huo wakaitambua njia ya kutengeneza vijenzi vya DNA ambayo limfosaiti huitegemea kuliko chembe nyingine, wakatafuta dawa ya kuizuia. Ndiyo maikofenoleti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa waliopandikizwa figo, ili kinga ya miili yao isizikatae. Msomaji wa haraka huona fani mbili. Mimi naona swali lilelile likiulizwa upya, kwamba hitilafu ya kurithi inamfanya nini anayeibeba.

Ninacholalamikia ni kwamba machapisho hayo hayatuambii watu wa Musoma waliambiwa nini kuhusu damu yao. Na zaidi ya miaka sitini baadaye, kumpima selimundu mtoto mchanga bado si jambo la kawaida katika zahanati zetu. Mama wa Kaliua au Urambo huweza kuanza kushuku pale tu vidole vya mwanawe vinapovimba, na hata hapo kipimo cha kwanza huwa cha malaria. Lawama hiyo siwezi kumbebesha Allison peke yake. Lakini kamati zinazopandisha watu vyeo zina uwezo wa kudai, kando ya kila chapisho linalotokana na damu ya watu, maelezo ya ilikotoka damu hiyo, na lini majibu yalirudishwa kwa wenyewe.