Vita vya Kagera vilitujenga au vilitubomoa?

Juzi kijiweni Kirumba mwaloni, hapa Mwanza, ubishi ulikuwa mkali, mzee mmoja aliyeingia Uganda na mgambo mwaka 79 anasema taifa hili limezaliwa vitani, kijana muuza dagaa akamjibu taifa limezaliwa sawa mzee ila hela ilifia hukohuko.

Kuna msomi wa Marekani, Charles Tilly, yeye hoja yake ni kwamba dola za Ulaya zilitengenezwa na vita: mfalme akitaka kupigana anahitaji hela, na ili apate hela lazima ajue nani ana nini, ndo wakaja watoza kodi na makarani, vita ikiisha wao wanabaki. Kwa hoja hiyo mzee ana uzito. Idi Amin wa Uganda kavamia Kagera Oktoba 1978, Nyerere akasema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, mtu wa Ukerewe na wa Songea wakajikuta handaki moja. Jeshi lenyewe lilikuwa kama elfu 40, ukijumlisha mgambo likavuka laki moja. Na Mwanza tulionja, ndege ya Libya, waliokuwa upande wa Amin, ilifuata matangi ya mafuta ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala (leo tunacheka, siku ile nani angecheka).

Ila ile mashine ya Tilly huku haikuzunguka. Vita ilikula kama dola milioni 500, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika 1977, mafuta nayo yakapanda bei 1979, sasa badala ya kodi kukua hazina ikakauka, sabuni ikawa ya foleni. Kufika 1982 huku Usukumani wizi wa ng'ombe umezidi hadi wanakijiji wenyewe wakaunda sungusungu, mishale na filimbi, yani kulinda watu ambayo ndo kazi ya kwanza ya dola wakaifanya wao.

Mi naegemea kwa kijana. Lakini hao sungusungu pamoja na nguvu zote zile hawakudai nchi ya Wasukuma, na chama kikawaunga mkono, hapo ndo najiuliza huo Utanzania ulitoka wapi kama sio vitani? Nadhani mzee alienda Kagera akiwa Mtanzania tayari, TANU na shule vilishamaliza kazi.

Nikamuuliza Kiswahili alijifunzia wapi, maana kwao Kwimba ni Kisukuma tupu. Akasema darasa la kwanza, kwa viboko vya mwalimu Mmakonde.