Tarumbeta la saa mbili na nusu asubuhi

Jumamosi ndiyo siku yangu pekee ya kulala. Siku nyingine natoka gizani narudi gizani, kwa hiyo Jumamosi naidai kama mshahara. Sasa huu ni mwezi wa tatu mfululizo, kila Jumamosi saa mbili na nusu kamili, kwenye sekondari iliyo nyuma ya ghorofa ninaloishi hapa Saitama, Japani, kuna mtoto anashika tarumbeta na kupiga noti nne. Tatu zinatoka safi. Ya nne inakwaruza. Anarudia, inakwaruza. Anarudia tena. Mimi nimelala kifudifudi, mto juu ya kichwa, nahesabu. Asubuhi moja nilifika thelathini na moja, nikakata tamaa ya kuhesabu na ya kulala.

Mwaka jana ilikuwa hivihivi, na nilitaka kwenda kulalamika. Bahati nzuri nilianza kwa kumwuliza bibi mmoja jirani yangu kama hilo linaruhusiwa. Akanitazama kama nimemtukana mjukuu wake. "Wanajiandaa na mechi," akasema. Mechi gani inachezwa kwa tarumbeta?

Besiboli, ndugu zangu, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Kila Agosti kuna mashindano ya besiboli ya wanafunzi wa sekondari kwenye uwanja wa Koshien, kule karibu na Osaka. Yalianza mwaka 1915, na uwanja wenyewe ulifunguliwa 1924. Timu zinazofika huko kwa kawaida ni 49 tu: kila mkoa timu moja, isipokuwa Tokyo na Hokkaido zinazopeleka mbilimbili, na mchujo wake unakusanya zaidi ya shule 3,000. Televisheni ya taifa inaonyesha mechi mubashara, na wazee wa miaka themanini wanakaa kuangalia watoto wa miaka kumi na saba. Timu ikiwa uwanjani, bendi ya shule iko jukwaani inapuliza kila mchezaji wake anapokamata gongo. Kwa hiyo ile noti ya nne ina kazi. Kuna mtu itamsindikiza.

Julai iliyopita bibi alinipeleka kuona mechi ya mchujo ya mkoa. Nilikaa jirani na mvulana wa mwaka wa mwisho, amevaa jezi safi isiyo na vumbi hata chembe. Miaka mitatu yupo kwenye timu, hajawahi kupangwa. Kazi yake ilikuwa kushika kipaza sauti cha plastiki na kuongoza nyimbo. Walipofungwa, waliokuwa uwanjani walikuja mbele ya jukwaa wakainama kutushukuru. Yule wa jezi safi alilia kuliko wote, na mwalimu wake akasimama pembeni yake bila kusema neno.

Hapo ndipo nilipokumbuka kaunta buku langu.

Wa rika langu mnalijua daftari hilo. Kwaya mbili, gamba gumu, limepambwa kwa picha zilizokatwa gazetini. Ndani ni mashairi ya Bongo Fleva, yamenakiliwa kwa kusikiliza redio ya mlinzi, mstari mmoja leo, mstari wa pili wimbo ukipigwa tena wiki ijayo. Vichwa vya nyimbo kwa kalamu nyekundu, viitikio kwa bluu. Nyuma kabisa niliandika mistari yangu mwenyewe. Kidato cha Tatu, kwenye shule moja ya bweni mkoani Morogoro, ulifanyika msako wa mabweni. Asubuhi paredi, mwalimu wa nidhamu akasoma mstari wangu mmoja mbele ya shule nzima kwa sauti ya kunikejeli, watu wakacheka, kisha daftari likaenda motoni pamoja na karata, redio mbili za mkononi na ubao wa drafti. Vile vizibo vya soda vya drafti havikuungua. Tuliviokota jioni, tukachora ubao mwingine kwenye boksi.

Hapa, ukishaisha muda wa masomo, shule ndiyo inaanza kuchangamka. Kuna klabu ya kuchora katuni. Kuna ya kaligrafia (kuandika herufi kisanii), ya kendo (mchezo wa panga za mianzi), ya shogi (ndugu wa chesi), ya kwaya, hata ya kuandaa chai. Anachokipenda mtoto kina chumba, na chumba kina ufunguo, na ufunguo uko kwa mwalimu anayebaki mpaka jioni. Mwalimu huyohuyo wa hesabu! Kwetu mwalimu akibaki jioni, ujue ni wa zamu na ana fimbo.

Najua mmeshaanza. "Huyu amekaa Japani miaka minne tayari anatufundisha kulea." Subirini. Sijasema Wajapani ni malaika. Hizi klabu zao zina mateso yake: watoto wanafanya mazoezi mpaka wanasinzia kwenye treni wamesimama, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anamnyenyekea wa mwaka wa tatu kuliko sisi tulivyokuwa tukiwanyenyekea viranja. Mambo yalizidi mpaka mwaka 2018 Wakala wa Michezo wa serikali ukatoa mwongozo: angalau siku mbili za mapumziko kwa wiki, mazoezi yasizidi kama saa mbili siku za shule. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu. Serikali nzima inakaa kikao kuwabembeleza wanafunzi wapumzike kucheza.

Na tukija kwenye burudani yenyewe, sisi tulikuwa mafundi, nasema hivi kwa kifua mbele. Tulikuwa na jamaa mmoja, likizo aliangalia picha kwenye kibanda cha video, shule ikifunguliwa anatuhadithia bwenini taa zikizimwa. Wiki nzima. Stelingi anaruka ukuta, yeye anaruka juu ya kitanda cha dabodeka. Bunduki zote alizipiga kwa mdomo, kila moja na mlio wake, na adui mkubwa alikuwa na kicheko kilichoamsha bweni la pili. Aliposema "itaendelea kesho", watu wazima na ndevu zetu tuliomba dakika tano zaidi. Hakuna klabu hapa yenye kipaji kile. Tofauti ni kwamba yeye alilipwa viboko sita kwa kupiga kelele baada ya muda wa kulala, na sidhani kama kuna mtu mzima aliyewahi kumwambia kwamba anajua.

Mtasema kuna UMISSETA, mashindano ya michezo ya sekondari kwetu Tanzania. Ipo, naiheshimu, imetoa wachezaji. Lakini UMISSETA ni ya waliochaguliwa, wilaya inachuja, mkoa unachuja, na yule wa jezi safi anabaki shuleni akifyeka majani. Mtasema pia madawati hayatoshi, nitatoa wapi hela ya tarumbeta? Nani kaomba tarumbeta? Drafti ni boksi na vizibo. Daftari langu nililinunua kwa pesa yangu ya matumizi. Tulichokosa hakiuzwi dukani. Tulimkosa mwalimu mmoja wa kukaa nasi nusu saa bila fimbo, na hapo hata Benki ya Dunia haihusiki.

Halafu kuna wale wa "mbona sisi tulipigwa na tumefika". Kweli tumefika. Mimi nimefika Saitama, nimekasirishwa na mtoto wa watu anayejifunza tarumbeta, na jambo la kwanza lililonijia kichwani ni nani wa kwenda kumshtakia. Msinisahihishe, najijua.

Wiki iliyopita dada yangu alinipigia. Huku ilikuwa saa kumi jioni, nyumbani saa nne asubuhi, mpwa wangu wa Kidato cha Pili bado yuko likizo. Dada analalamika: amefungua daftari la Kemia, mbele kuna jedwali la elementi, nyuma kurasa kumi na nane ni katuni, na mmojawapo wa wahusika anafanana sana na mkuu wa shule. "Ongea naye, wewe anakusikiliza." Nikasema sawa, mpe simu. Kwanza nikamwambia anitumie picha za zile kurasa. Akasita, akidhani ni mtego.

Wakati anasita, huku nyuma bendi nzima ikaanza. Dirisha lilikuwa wazi.

"Anko, huko kuna harusi?"

"Hapana. Ni wanafunzi wa shule ya hapa nyuma."

"Wanapiga matarumbeta? Shuleni?"

"Ndiyo."

Kimya. Nikasikia dada anauliza kwa mbali kama nimeshamwambia. Kisha dogo akasogeza simu karibu na mdomo, akashusha sauti:

"Na mwalimu wa zamu yuko wapi?"