Aliyeua Hakuwa na Kiwanja

Mtu aliyeketi kiti cha nyuma amevaa miwani ya jua, na ni usiku. Kwenye kiti cha mbele, kando ya dereva tusiyemwona sura, kumewekwa kichwa cha kunguru, barakoa ya kuvaa mtu mzima. Gari linakata barabara kuu za California, taa zinamulika na kupotea, na inachukua muda mtazamaji kung'amua kwamba yule wa nyuma ni maiti. Ndivyo tunavyotambulishwa kwa Ben Caspere, meneja wa mji wa Vinci, katika msimu wa pili wa True Detective, tamthilia ya HBO iliyorushwa kati ya Juni na Agosti 2015. Sehemu ya kwanza ikiisha, Caspere amekalishwa kwenye benchi kando ya barabara ya pwani, macho yameunguzwa kwa tindikali.

Utaje msimu huu leo mbele ya wapenzi wa tamthilia uone watakavyocheka. Ule wa kwanza, wa 2014, wa Matthew McConaughey na Woody Harrelson, huzungumzwa kama wasifu wa walii. Huu wa pili hutolewa mfano wa mwandishi aliyeleweshwa na sifa. Nami niliucheka wakati ule. Nimeurudia juzi, sehemu zote nane, na kicheko kimenikauka.

Washtaki wana haki yao, na baadhi ya mashtaka hayana utetezi. Vince Vaughn, anayeigiza Frank Semyon, jambazi anayetaka kugeuka mfanyabiashara wa halali, amepewa hotuba ambazo hakuna binadamu angezitoa huku akinywa kahawa jikoni kwake. Majina yanarushwa kama mawe gizani: Catalyst, Osip, Pitlor, Geldof. Kuna mtu anaitwa Stan. Stan anauawa, wenzake wanamlilia kama ndugu wa tumbo moja, na watazamaji dunia nzima wakabaki wanaulizana: Stan ndiye yupi? Msimu wa kwanza ulikuwa na mwongozaji mmoja, Cary Fukunaga, mwanzo hadi mwisho; wa pili ulipita mikononi mwa waongozaji kadhaa, na inaonekana. Michael Lombardo, aliyekuwa mkuu wa vipindi HBO, alikuja kukiri hadharani kwamba lawama ni zake, kwa kumharakisha mwandishi Nic Pizzolatto baada ya ushindi wa kwanza. Chakula kilipakuliwa kabla hakijaiva. Sibishi.

Shtaka ninalolibishia ni lile kubwa, linalorudiwa hata na wasioutazama: kwamba kisa hakieleweki, na kwamba muuaji anachomoza mwishoni kama mgeni asiyealikwa.

Sehemu ya nne niliitazama na shemeji yangu, ambaye ni dalali wa viwanja Mtwapa. Si mtu wa tamthilia. Alikuja kusubiri mvua ipungue. Wapelelezi wawili walipokuwa wakikagua ardhi iliyoharibiwa na sumu, wakijaribu kuelewa Caspere alikuwa akifuata nini huko mashambani, shemeji aliweka kikombe chini akasema, "Reli inapita hapo. Huyo maiti aliiona ramani kabla ya wenyewe." Hakuna aliyemweleza chochote. Wakati wakosoaji wa magazeti makubwa wakilalamika kwamba hawaoni kichwa wala mkia, dalali wa Mtwapa aliuelewa mpango mzima kwa dakika kumi.

Na mpango wenyewe, ukiuvua mapambo, ni mwepesi. Serikali itajenga reli ya mwendo kasi katikati ya California. Wanaojua itakakopita wananunua ardhi mapema kwa kampuni za mfukoni, bei ikiwa chini. Na kwa kuwa bei ya shamba zuri haishuki yenyewe, taka zenye sumu zinamwagwa udongoni, mwenye shamba anachoka, anauza kwa chochote anachopewa. Fedha za umma zikifika, kile kile kipande kinauzwa upya kwa bei ya dhahabu. Frank alimkabidhi Caspere fedha zake zote amnunulie sehemu yake. Caspere akafa, na hakuna karatasi hata moja yenye jina la Frank. Katika kila kisa cha ardhi nilichowahi kusikia kuna mtu wa namna hii: aliyetoa fedha kwa kuaminiana, bila risiti, kwa sababu jambo lenyewe halikuwa la kuandikiwa risiti.

Wanaosema haya ni chuku waisome historia ya Los Angeles. Mfereji uliojengwa chini ya William Mulholland, wenye urefu wa takriban kilomita 375, ulifikisha maji ya bonde la Owens mwaka 1913. Kabla maji hayajafika, matajiri waliokuwa karibu na habari, akiwamo Harrison Gray Otis, mmiliki wa gazeti la Los Angeles Times, walikuwa wameshanunua ardhi kavu ya bonde la San Fernando. Maji yakaja, ardhi kavu ikawa mali. Wakulima wa Owens walibaki na vumbi.

Lakini kinachonirudisha kwenye msimu huu kila mara ni ule mji. Vinci ni wa kubuni, ila umefinyangwa kwa udongo wa Vernon, mji wa kweli ulio kusini kidogo ya katikati ya Los Angeles. Katika sensa ya 2010 Vernon ilikuwa na wakazi 112. Si 112,000. Watu 112, wanaotosha mabasi mawili, katika mji wenye viwanda, maghala na machinjio, ambamo maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi huingia asubuhi na kutoka jioni. Nimeitafakari nambari hii kuliko jambo lolote katika tamthilia. Kuwa mji maana yake ni kuwa na meya, polisi, bajeti, mamlaka ya kutoza kodi na kuamua ardhi itumikeje. Yote hayo mikononi mwa waliochaguliwa na idadi ya watu inayoweza kujaa kwenye harusi ndogo. Na nyumba nyingi za hao 112 zilikuwa mali ya mji wenyewe, zikikodishwa kwa bei nafuu kwa watumishi na watu wao. Yaani mpiga kura ni mpangaji, na mwenye nyumba wake ndiye anayeomba kura. Utampinga usiku, asubuhi ukute vyombo nje.

Haya si mafumbo. Mwaka 2006 wageni wachache walihamia Vernon wakitaka kugombea udiwani. Mji ulikuwa umekaa miaka 25 bila uchaguzi wenye mpinzani. Walikatiwa umeme, wakafurushwa kwenye jengo walimokuwa, na kura zikafungiwa mpaka mahakama ilipoamua zihesabiwe. Meya Leonis Malburg, mjukuu wa mmoja wa waanzilishi wa mji, alipatikana na hatia ya udanganyifu wa kura mwaka 2009, kwa sababu alikuwa akiishi kwenye jumba lake Los Angeles huku akijiandikisha kuwa mkazi wa Vernon. Mwaka 2011 Spika wa Bunge la California, John Pérez, alileta muswada wa kuufuta mji huo kabisa. Ulikwama Seneti. Vernon ipo mpaka leo, ingawa baada ya hapo ilikubali mageuzi na nyumba zaidi zikajengwa.

Basi mtu akiniambia kwamba Meya Chessani wa kwenye tamthilia, mlevi mwenye jumba la kifahari nje ya mji anaouongoza, ametiwa chumvi, namwelekeza huko.

Sasa muuaji. Ninafichua mwisho, umeshapita muongo mzima. Caspere hakuuawa kwa ajili ya reli. Mwaka 1992, wakati wa ghasia za Los Angeles, polisi kadhaa walivamia duka la sonara, wakamuua yeye na mkewe, wakaondoka na almasi za buluu. Almasi hizo zikawanunulia vyeo na kiti kwenye meza ya wakubwa wa Vinci, pamoja na Caspere. Yatima wawili wakakua. Msichana akawa katibu wa Caspere, mvulana akawa mpiga picha wa filamu inayotengenezwa mjini humo, kijana anayepita mbele ya macho yetu mara moja mapema na tukamsahau. Alitaka majibu tu. Mambo yakamponyoka mikononi.

Wakosoaji wakaita hili udanganyifu: mmetuzungusha na mashamba sehemu nane, kumbe kisa ni almasi? Mimi ninaliona ndilo jicho la tamthilia. Fedha ya damu ya 1992 ndiyo iliyogeuka ardhi ya 2015. Aliyeua hakuwa na kiwanja, na wenye viwanja hawakuhitaji kumuua mtu yule. Walihitaji tu uchunguzi usitembee mbali. Ndiyo maana anapopatikana mtu aliyeweka rehani vitu vya marehemu, polisi wanamfuata, risasi zinamwagika barabarani, wapita njia wanakufa, na mwanasheria mkuu wa jimbo anatangaza kesi imefungwa. Msomaji wa Kenya atalijua lile tangazo. Tume ya Ndung'u, iliyochunguza unyakuzi wa ardhi ya umma, ilikabidhi ripoti yake mwaka 2004, ikataja takriban hati 200,000 za ardhi zilizotolewa kinyume cha sheria. Ripoti ilieleweka vizuri sana. Kueleweka hakukuwa shida.

Hapo, hata hivyo, washtaki wana jibu zito ambalo sijaweza kulipangua. Tamthilia si ripoti ya tume. Mtazamaji hakuja kusoma orodha ya makampuni. Amekuja kumpenda mtu na kumhofia mwingine, na ukimbebesha majina 30 bila nyuso, usimlaumu akisinzia. Ile picha ya juu ya barabara zinazopishana kama utumbo, inayorudishwa kila baada ya dakika chache, inasema kwa sekunde tano kile ambacho hotuba za Frank zinashindwa kusema kwa dakika tano nzima. Kama Pizzolatto angeiamini ile picha, na kama angepewa mwaka mmoja zaidi, huenda nisingekuwa natetea kitu. Mchanganyiko wa kisa ni halali. Uvivu wa kuutambulisha si halali. Rachel McAdams na Colin Farrell, wanaoigiza wapelelezi, wanabeba nusu ya mzigo huo kwa nyuso zao tu, hasa Farrell, ambaye hata masharubu yake yanaonekana kujuta.

Reli ya kweli ya California nayo iliendelea na mambo yake. Wapiga kura waliidhinisha hatifungani za karibu dola bilioni 10 mwaka 2008, mradi ukikadiriwa kugharimu takriban bilioni 33. Uzinduzi ulifanywa Fresno Januari 2015, miezi michache kabla ya tamthilia kuanza. Makadirio sasa yamevuka bilioni 100, na mwaka 2018 mkaguzi wa jimbo alieleza kwamba moja ya sababu za gharama kupaa ni ujenzi kuanza kabla ardhi ya kutosha haijapatikana. Bonde la kati peke yake lilihitaji zaidi ya vipande 2,000. Mpaka 2025 hakuna abiria aliyepanda.

Mwisho wa sehemu ya nane, mtoto wa meya ameketi kwenye kiti cha baba yake, na kipande cha barabara kuu kimepewa jina la Paul Woodrugh, askari aliyepigwa risasi mgongoni na polisi mwenzake. Shemeji alikuwa amerudi wiki hiyo, safari hii bila mvua. Hakuuliza muuaji alikuwa nani. Aliuliza kama yale mashamba hatimaye yaliandikwa kwa jina la nani.