Ardhi ya Kitengela Ikiachwa Wazi, Mwenyewe Alipwe

Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu na imezungushiwa ua pande tatu. Upande wa kusini, ng'ambo ya Mto Mbagathi, ndio uliobaki wazi, na bila upenyo huo hifadhi ingekuwa bustani ya wanyama iliyo kubwa kidogo. Mvua zikinyesha, nyumbu na pundamilia huvuka mto na kutawanyika katika tambarare za Athi-Kapiti, kisha kiangazi kikiingia hurudi kutafuta maji ya hifadhini. Tambarare hizo zina wenyewe. Ranchi ya kikundi ya Kitengela, iliyomilikiwa kwa pamoja na wafugaji, iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata sehemu yake na hati yake, na tangu hapo karibu kila mahali nyumbu anapokanyaga kusini mwa mto ni mali ya mtu.

Mtu huyo huombwa asijenge ua, asichimbe mawe, asikate ploti na asimdhuru simba aliyekula mbuzi wake. Maombi hayo yana maana, na mimi pia ningependa yatimizwe. Ninachokikataa ni desturi ya kumlipa kwa yote hayo pale tu mfadhili anapopatikana. Anayezuiwa kuitumia ardhi yake kwa faida ya nchi nzima anaidai nchi, na deni hilo lilipwe kwa mkataba wenye kiwango, muda na mlipaji anayeweza kushtakiwa asipolipa.

Kitengela tayari ilikwisha kujaribu jambo hili. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kukodisha ardhi kwa ajili ya wanyamapori, ambapo mwenye ardhi alilipwa takribani shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, yaani kama dola 4 wakati ule, ili aiache wazi kwa mifugo yake na kwa wanyama. Fedha zilitolewa kwa awamu tatu zinazolingana na mihula ya shule. Aliyeubuni utaratibu huo aliwafahamu vizuri watu aliokuwa akishughulika nao, maana mfugaji huuza ng'ombe, na baadaye kipande cha ardhi, hasa pale mtoto anaporudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Familia yenye ekari 60 ilipata shilingi 18,000 kwa mwaka, au 6,000 kila muhula unapofunguliwa, na haikulazimika kuhamisha boma wala kuacha kuchunga. Wengi walijiunga, na wengine wakasubiri kwa sababu fedha zilikuwa hazitoshi kuwapokea wote.

Sasa iweke hesabu hiyo kando ya hesabu ya dalali. Ekari moja hutoa ploti nane hivi za futi 50 kwa 100, na mji wa Kitengela umekuwa ukisukuma mipaka yake tangu viwanda vya Athi River vilipoanza kuvuta wafanyakazi wanaohitaji nyumba za kupanga. Ploti moja tu katika eneo lililofikiwa na barabara na umeme huuzwa kwa fedha ambazo malipo ya kukodisha ekari 60 yangezifikia baada ya miaka mingi. Dalali hana masharti ya simba, wala hamsubirishi mtu hadi ripoti ya mradi ikubaliwe ng'ambo. Kwa hiyo naona tunamwonea mfugaji tunapomlaumu kwa kuuza. Nyumbu wa tambarare hizi, waliohesabiwa kwa makumi ya maelfu mwishoni mwa miaka ya 1970, wamebaki maelfu machache, na chanzo kikuu ni ua, nyumba na machimbo yaliyoziba njia zao.

Sheria zetu hazina upungufu mkubwa katika hili. Kifungu cha 40 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataka mtu anayenyang'anywa mali yake kwa manufaa ya umma alipwe fidia ya haki, tena bila kuchelewa. Sheria ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 1999 ilikwisha kuiruhusu mahakama kuweka masharti ya uhifadhi juu ya ardhi ya mtu binafsi, na ikampa mwenye ardhi haki ya kufidiwa thamani ya matumizi anayoyapoteza. Jambo likiwa na umuhimu wa kitaifa, mahakama inaweza kuiamuru serikali ilipe. Lakini reli ikipita juu ya shamba, wathamini hutumwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Nyumbu wakipita, hatumwi mtu. Anachobakiwa nacho mwenye shamba ni fidia ya kuumizwa au kuharibiwa mali na wanyamapori, ambayo ni suala jingine kabisa, kwani humlipa kwa hasara iliyokwisha kutokea na si kwa huduma anayoitoa kila siku. Juni 2012, wakazi wa Kitengela waliwaua simba sita walioingia kwenye boma la mbuzi. Siwatetei, ila sishangai.

Wapo watakaosema kwamba utalii utalipa, na watatutajia hifadhi za jamii zinazoizunguka Maasai Mara, kama Olare Motorogi na Naboisho, ambako kampuni za kambi hukodisha ardhi za watu kwa mikataba ya miaka mingi. Mpango ule ni mzuri na umefungua njia. Hata hivyo, mwaka 2020 watalii walipoacha kuja kwa sababu ya korona, hifadhi kadhaa zilipunguza malipo kwa wenye ardhi, ilhali wanyama waliendelea kula nyasi zilezile. Tena Kitengela haina kambi za kifahari za kutosha kubeba mzigo kama huo. Wanaonufaika zaidi ni mji wa Nairobi, wageni wanaolipia langoni, na serikali inayoitangaza hifadhi hiyo dunia nzima. Basi sehemu maalumu ya ada za langoni itengwe kisheria kwa ajili ya kuwalipa wenye ardhi ya kusini, na bajeti ya taifa ijazie panapopungua.

Sidai kwamba mfugaji alipwe bei ya ploti. Ardhi inabaki yake, anachunga juu yake, na wanawe watairithi. Alipwe kiasi kinacholingana na anachokiacha, kipandishwe gharama za maisha zinapopanda, na mkataba uandikishwe kwenye hati ili atakayeinunua ardhi afungwe na masharti yaleyale, huku malipo yakimfuata. Na kwa kuwa hati nyingi zilizotolewa ranchi zilipogawanywa ziliandikwa majina ya wanaume, mke asaini pia, na fedha ziingie kwenye akaunti ambayo mume hawezi kutoa peke yake. Najua kipengele hiki cha mwisho kitazua ubishi barazani kuliko vingine vyote, lakini karo ndiyo iliyoufanya mpango wa mwaka 2000 ukubalike, na anayemkimbilia mwalimu mkuu kuomba muda wa kulipa, mara nyingi, ni mama.