Manito au Manita: Udogo wa Nomino Kaidi za Kihispania

Neno mano, yaani mkono, huishia kwa irabu o kama nomino nyingi za kiume za Kihispania, ilhali lenyewe ni la kike, kama lilivyokuwa manus la Kilatini. Likitiwa katika hali ya udogo, Waargentina na Wachile husema la manito, huku Wahispania na Wameksiko wakisema la manita.

Wanaotetea manita hushikilia kwamba jinsia ndiyo inayochagua irabu ya mwisho, na ushahidi wao si haba. La llave (ufunguo), neno la kike, huwa llavecita, na el puente (daraja), neno la kiume, huwa puentecito. Maneno hayo hayana a wala o mwishoni, kwa hiyo irabu hiyo haiwezi kutoka kwingine ila katika jinsia.

Hata hivyo, hoja hiyo hukwama mara tu nomino inapokuwa na a au o yake yenyewe. El mapa (ramani), neno la kiume, huwa el mapita, wala si mapito. La moto (pikipiki), neno la kike ambalo ni ufupisho wa motocicleta, huwa la motito. Majina ya watu yanakwenda mbali zaidi: Carlos huitwa Carlitos, Lucas huitwa Luquitas, na Óscar huitwa Osquítar, kipande -it- kikiwa kimepenya ndani ya neno na kuuacha mwisho wake kama ulivyokuwa. Kwangu mimi, Osquítar lina uzito kuliko mifano mingine yote, kwa sababu hapo jinsia haina la kuamua.

Kwa mizani hiyo, manito ndilo linalofuata kanuni, nalo manita limevutwa na wingi wa nomino za kike zenye a. Sithubutu kuliita kosa, kwani kamusi ya mwaka 2005 ya Real Academia Española (taasisi ya lugha ya Kihispania) na akademia wenzake imeyakubali yote mawili. Lakini mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi aliyesema manito anamwonea.

Msomaji wa Kiswahili ataona tofauti kubwa hapa. Kwetu udogo huhamisha ngeli: mti umevunjika, lakini kijiti kimevunjika. Manito, pamoja na o yake, hubaki la kike, na kivumishi chake huishia kwa a: la manito fría, kakono baridi.