Pawabenki Ilipolala, Mzee Akatoboa Siri

Rekoda yangu ya kaseti, Marantz PMD222, inakula betri tatu za D, zile nene za tochi, yaani volti 4.5. Betri za D zilizo nzima siku hizi bei yake unakaribia kununua kuku, na za bei poa zinakufa kabla kaseti haijageuzwa. Adapta ya zamani ya transfoma, ile yenye kiswichi cha volti 3 mpaka 12, nayo ina mambo yake: iweke 4.5 kabla hujaichomeka kwenye mashine, mita inasoma 7, halafu inapenyeza mvumo kwenye kanda.

Mpwa wangu, fundi wa simu, akanitengenezea kebo ya kuiendesha kwa pawabenki. Upande huu USB, upande ule plagi ya duara, njiani kwenye waya wa chanya dayodi moja ya 1N4001, kijidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Volti 5 za pawabenki zikipita hapo zinapungua kama 0.7, inabaki 4.3, na mashine inaridhika. Akatazama mchoro pembeni ya tundu kujua katikati ni chanya au hasi, akahakikisha kwa mita. Ukigeuza hapo, unarekodi moshi. Kazi safi, sina neno.

Tukaenda Pangani kwa mzee mmoja, nahodha mstaafu wa majahazi. Nusu saa ya kwanza ilikuwa tende, mikoko na upepo wa kusi, kanda inazunguka vizuri. Kahawa ikaletwa, nikabonyeza stop.

Kahawa ilipoisha, mzee akachungulia mlangoni, akasogeza kiti. "Mjukuu wangu, bibi yako kaenda sokoni. Washa."

Nikabonyeza, vitufe viwili vikashuka kwa mlio wao mzito. Mzee akaeleza alivyooa mara ya pili kule Lamu, harusi ambayo mke mkubwa aliambiwa ni matengenezo ya tanga. Matengenezo yenyewe yalichukua miezi mitatu. Nilicheka mpaka machozi.

Kuja kutazama, magurudumu ya kaseti yametulia tuli na taa imezimika. Vitufe vya mashine hii ni vya springi: vinashuka na kukaa chini hata kama umeme haupo.

Mkosaji ni pawabenki. Imeundwa kwa simu, na mkondo ukishuka sana inadhani simu imejaa, inajizima baada ya sekunde kadhaa. Kanda ikizunguka, mota inaiweka macho. Ukibonyeza stop, mashine inakula karibu sifuri. Na usijitie moyo kwamba betri za ndani zitaokoa jahazi: kwenye rekoda nyingi za aina hii, plagi ikiingia tu kwenye tundu betri zinakatwa.

"Mzee, samahani, naomba urudie."

"Nirudie?" Geti likalia, bibi kaingia na kikapu. "Mashine yako ina adabu kukushinda wewe," mzee akanong'ona, kisha kwa sauti kubwa: "Basi kama nilivyosema, mikoko ile..."

Dawa ni rezista, kijidude cha kupunguza umeme, ya omu 47 kati ya waya mwekundu na mweusi wa USB, kabla ya dayodi. Inavuta kama miliampia 106 muda wote, na pawabenki nyingi hapo hazisinzii. Joto lake ni zaidi ya nusu wati, kwa hiyo chukua ya wati 1. Ile ndogo ya robo wati itaungua. Isivikwe plastiki ya kubana, iachwe ipumue. Na kila unapobonyeza rekodi, tazama magurudumu, usisikilize vitufe.

Tuliporudi na kebo mpya, mzee alikuwa amejiandaa kwa mikoko. Ila bibi alivuta mkeka, akaketi mbele ya maikrofoni. "Inazunguka hiyo, mwanangu?"

"Inazunguka, bibi."

"Haya. Tuanze na lile tanga la Lamu."

Mzee akasimama, akatafuta kofia yake, akaaga kwamba anawahi adhuhuri msikitini. Ilikuwa saa nne asubuhi.